Taa ya Rivasi ya Mzee Eliufoo

Adija alimwita binti yake Shani aje achukue uji. Akamwita tena. Mwishowe akamfuata, akamgusa bega, na mtoto akaruka kwa hofu.

"Hukunisikia?"

Shani alimtazama mama yake midomoni. "Mama, mbona unanong'ona?"

Adija anong'one! Sauti ya Adija ikitoka Kiboriloni sokoni, barabarani wanageuka. Mumewe Salehe, fundi umeme wa magari, alikuwa mlangoni akivaa viatu, akasikia yote, akajifanya anahangaika na kamba. Alikuwa na jambo lake moyoni.

Basi nikueleze lake. Kule mlimani, ndani ya migomba, aliishi Mzee Eliufoo, mkulima wa kahawa, mwenye pikapu kuukuu iliyoachwa na jeshi la Mwingereza baada ya vita. Mkewe, Tabitha, alikuwa kiziwi. Injini ingenguruma hata mgongoni mwake, asingejua. Ndiyo sababu mzee alimwomba Salehe afunge taa ya rivasi, ukiweka gia ya kurudi nyuma iwake, na Tabitha akafundishwa kwamba akiiona inawaka atoke njiani. Wakaishi hivyo kwa amani.

Kisha taa ikaanza kuunguza fyuzi. Waya ulikuwa unajisugua kwenye chuma mahali fulani. Fundi anayejiheshimu hulala chini ya gari akaufuata waya toka kwenye giaboksi mpaka kwenye balbu. Salehe, ndugu yangu, siku hiyo alikuwa na harusi ya kwenda Rau na kanzu imeshapigwa pasi. Aliukata ule waya, akaufunga utepe, akaweka fyuzi mpya. Haikuungua tena, na ingeunguzwa na nini?

"Tayari, mzee," alisema.

Jua lilikuwa kali, nani angetazama taa? Eliufoo alimshukuru, akampa na mkungu wa ndizi. Kesho yake ukungu ulishuka mlimani. Tabitha alikuwa nyuma ya pikapu na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anangoja aone taa ndipo asogee. Mzee akarudi nyuma.

Baada ya mazishi pikapu ilivutwa hadi karakana ya Salehe, na Eliufoo mwenyewe akaifuata kwa miguu. "Kaa nayo, mwanangu," alisema. "Siwezi kuitazama. Taa uliniwekea. Ni mimi sikuangalia nyuma."

Salehe alijibu, "Pole, mzee." Pole! Mtu mzima na ndevu zake.

Siku ile ya uji, Shani alipoacha kusikia, Salehe alijifungia karakanani alasiri, akalala chini ya pikapu. Sasa ndiyo akaufuata waya wote. Akaunga alipokuwa ameukata, akapakuta palipochubuka, karibu na springi, akapafunga vizuri kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Akaweka gia ya nyuma. Taa haikuwaka. Akatazama balbu, nzima, fyuzi, nzima, akakwangua kutu, wapi. Akaitoa betri akaiweka sakafuni, akaketi, amechoka na nafsi yake.

Ndipo akasikia harufu ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, yenye umande, mle ndani mlimojaa harufu ya grisi na petroli. Na ile taa, betri ikiwa sakafuni miguuni pake, ikawaka, kwanza nyekundu hafifu, halafu nyeupe, ikaujaza ukuta wa mabati mwanga, na katikati ya mwanga huo pakawa na kivuli cha mwanamke aliyebeba mzigo mkubwa kichwani, amesimama tu, hasogei, na Salehe akabaki ameketi pale mpaka taa ilipozimika yenyewe.

Nyumbani alimkuta Bi Mwanajuma, mganga wa majini, amekwisha kuitwa. Ubani ulikuwa unafuka. Shani alikuwa amefunikwa shuka, masikio yote mawili sasa hayapokei kitu. Bi Mwanajuma aliinama chini ya shuka akanong'ona na aliyempanda mtoto, akatega sikio, kisha akamvuta Salehe uani.

"Huyu si jini wa kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Jini akipanda kichwani hudai. Atataka marashi, atataka mbuzi. Huyu hadai kitu. Anauliza tu."

"Anauliza nini, bibi?"

"Mbona taa haikuwaka." Akamtazama usoni. "Ni mtu wa mlimani. Kwao kuna jani la isale. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukukatalia msamaha. Peleka. Na useme kwa kinywa chako ulichofanya. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

Salehe alipanda mlimani na isale mkononi. Alimkuta Eliufoo kibarazani, amekonda, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Nimekukosea, mzee. Nisamehe."

Eliufoo alilipokea. "Isale kwetu halikataliwi. Nimekusamehe, hata kama kosa silijui." Akamsogezea mgeni kigoda apate kumaliza.

Na Salehe akaona mlango uko wazi! Amesamehewa bila kuulizwa. Ya nini tena kujianika? Akainamisha kichwa, akashukuru.

"Wewe una heri, una wa kumpelekea isale," mzee akasema, machozi yakimtoka. "Mimi nimpelekee nani? Nimemuua mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Salehe hakumwambia habari ya waya. Akampa mzee mkono, akaondoka.

Akiteremka hakusikia mfereji wa kando ya njia, akashangaa umekauka lini. Akachungulia. Maji yalikuwa tele, yanaruka juu ya mawe. Alianza kukimbia.

Nyumbani Adija alikuwa anacheka na kulia, na Shani akatoka mbio akamkumbatia baba yake. Midomo ya mtoto ilikuwa inacheza haraka haraka. Mama yake akamwita kutoka nyuma, na Shani akageuka papo hapo, kwa maana alisikia.

Salehe hakusikia. Sauti iliyobaki masikioni mwake, tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini, ilikuwa ya yule mzee akijiita muuaji.