Maji Aliyoyaona Vuguvugu

Saa tatu asubuhi watu walijazana ndani ya lifti moja ya jengo lile la ghorofa tisa, na mshona mapazia alikuwa katikati yao na robota la kitambaa begani. Alishuka ghorofa ya tano, akatembea ukumbi mzima mpaka mlangoni pa karakana yake. Hapo akasikia mtu anamwita nyuma.

"Dada, samahani. Umesahau kitu kwenye lifti."

Alikuwa mwanamume mrefu wa ovaroli ya buluu, bisibisi mbili mfukoni, ameshika ndara nyekundu. Mshona mapazia akaitazama miguu yake. Mmoja ulikuwa umevaa, mwingine mtupu.

"Umetembea ukumbi wote huu na hukuhisi sakafu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka yako inatisha, dada. Mimi ndiye fundi wa lifti hii. Nikikuta mguu wenyewe mlangoni, nitauleta pia."

Mshona mapazia akacheka, na cheko hilo likawaponza wote wawili. Kesho yake fundi alirudi ghorofa ya tano kukagua mlango wa lifti ambao haukuwa na kasoro yoyote. Keshokutwa akaukagua tena. Ulipotimia mwezi wa nne, yeye alikuwa akimwita mpenzi wake Pazia, na mpenzi wake akimwita Fundi tu, lakini kwa sauti ambayo mafundi wengine hawakuwahi kuitwa.

Siku moja akampigia simu.

"Pazia wangu, Jumapili mama anakuja kukuona."

"Jumapili hii hii?"

"Hii hii. Nimeshamwambia unashona vizuri, unapika vizuri, na una miguu mizuri."

"Wewe, nani humweleza mama yake habari za miguu ya mwanamke?"

"Aliuliza nilikuonaje mara ya kwanza. Ningemdanganya?"

Kwa hiyo Jumamosi mchana Pazia aliamua kuitengeneza miguu hiyo iliyokwisha kusifiwa. Alivaa dera la maua, akafunga nywele kwa kitambaa, akaweka beseni mbele ya kigoda sebuleni. Pembeni akapanga jiwe la kusugulia visigino, tupa ya kucha, pamba, na chupa ndogo ya rangi ya zambarau. Akamimina maji kutoka kwenye birika la umeme, akachanganya na kikombe cha maji baridi, akatumbukiza miguu. Aliyaona vuguvugu tu. Akaongeza yote yaliyobaki kwenye birika, akaegemea ukuta na kuanza kupaka rangi kucha za mikono.

Fundi alibisha hodi akiwa na shati jipya alilotaka likaguliwe kabla ya Jumapili.

"Malkia amekaa," alisema. Akaweka simu yake juu ya meza, akapiga magoti. "Lete nikusugue visigino, nawe ujisikie umeolewa."

"Utaweza? Hii si lifti."

Akaingiza mkono ndani ya beseni, na papo hapo akauchomoa. Vidole vilikuwa vimeiva.

"Toa miguu," alisema.

"Kuna nini?"

"Toa miguu humo, Pazia."

Akainyanyua. Ngozi ya nyayo ilikuwa imefura malengelenge, na kando ya kidole kidogo cha kushoto ilikuwa imechubuka na kuning'inia. Wote wawili waliitazama kama miguu ya mtu mwingine. Pazia alisubiri maumivu yaje. Hayakuja.

"Sisikii kitu," alinong'ona. "Fundi, mbona sisikii kitu?"

Fundi alirudi nyuma hatua mbili. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akageuka, akatoka mbio, na mlango ukabaki wazi. Simu yake ilibaki pale mezani.

Dada mkubwa wa Pazia, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, ndiye aliyemfikisha hospitali kwa gari la jirani. Daktari alipima damu mara mbili, kisha akavuta kiti.

"Una sukari, mama, na si ya jana. Imeshaua hisia za miguu. Umewahi kuvukwa na kiatu bila kujua?"

Hapo ndipo Pazia alipolia.

Fundi alimpata kesho yake, baada ya kuzunguka hospitali tatu. Dada mtu alimzuia mlangoni pa wodi, akamkabidhi simu yake.

"Amesema hataki kukuona. Ulimwona ameungua, ukakimbia."

"Nilikwenda kutafuta teksi, shemeji. Niliporudi nikakuta mlango umefungwa."

"Mtu anayekwenda kutafuta teksi husema anakwenda kutafuta teksi."

Fundi akaipokea simu, akashuka ngazi.

Siku ya nane kidole kidogo kilikatwa. Siku iliyofuata, mama mmoja mfupi mwenye miwani aliingia wodini na taulo safi, akaketi kando ya kitanda.

"Mimi ndiye mgeni wako wa Jumapili," alisema. "Nimekawia."

Pazia akavuta shuka afunike miguu. Yule mama akaifunua taratibu, akatazama bandeji, akaifunika tena.

"Mwanangu akishtuka hupoteza ulimi. Siku baba yake alipoanguka bafuni, alikimbia hivi hivi. Nilimlaani. Kumbe amekwenda kuita watu, na ndio waliomwokoa mzee. Sikuja kumtetea, mwanangu. Nakueleza tu alivyo."

Pazia akajiinua, akaegemea mto. Kisha akachukua simu yake, akapiga.

"Fundi. Uko wapi?"

"Niko chini, kwenye ngazi. Nakaa hapa kila siku."

"Kwa nini hupandi?"

"Ulisema hutaki."

"Wamenikata kidole."

"Najua, mpenzi."

"Na sukari hii nitakuwa nayo maisha yangu yote."

"Hilo nalo nimeambiwa. Nimemuuliza muuguzi namna ya kuikagua miguu kila jioni, akanifundisha. Pazia, nataka kukuoa. Nalisema sasa hivi kwa simu, maana nikikuona najua sitaweza."

Mama mkwe alikuwa akikunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Panda," Pazia alisema.

Fundi alipanda ngazi mbio, akasimama mlangoni akihema, shati limelowa jasho. Akafungua mdomo. Halikutoka neno. Pazia akamnyooshea mkono, akaushika ule wa Fundi, uliokuwa bado unabambuka ngozi kwa yale maji ya beseni.

"Ndiyo," alisema, maana ilibidi mmoja wao aseme kitu.