Sindano Nakataa Mimi

Ijumaa hiyo nyumba ya Mzee Muniru, mwenye malori pale Busia, ilinukia iliki tangu asubuhi. Mwaka huo wa sabini na tano, wanajeshi wakiitawala Uganda, sukari ilikuwa adimu kuliko ukweli. Kwa Muniru chai ilikuwa tamu, maana kapteni mmoja wa jeshi alikuwa rafiki yake wa kula naye. Binti yake Habibah alikuwa barazani akipiga pasi gauni jeupe la uuguzi huku akiimba. Alikuwa ameshinda mtihani wa wauguzi wasaidizi: maswali arobaini, na yote arobaini kapata. Shangazi zake walimpigia vigelegele. Ninyi wasomaji msipige bado.

Hodi ikabishwa, akaingia Sista Specioza, muuguzi mkuu wa hospitali ndogo iliyokuwa kando ya barabara ya Tororo. Yeye ndiye aliyesahihisha ule mtihani. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mzee Muniru, nimekuja kwa heshima. Habibah arudie mtihani."

"Arudie nini, na amepata yote?"

Sista akamgeukia msichana. "Binti yangu, mgonjwa ameandikiwa penisilini. Kabla hujamchoma, utamwuliza nini?"

Habibah aliweka pasi chini. Swali alilitambua, lilikuwa la kumi na saba. "Jibu ni C, sista."

"C ndiyo nini?"

Karatasi ya mtihani ilikuwa imeletwa nyumbani na askari wa kapteni siku tatu kabla, mtu mwingine akaijibu, naye Habibah akakariri herufi tu. Maneno hakujisumbua nayo.

"Mgonjwa hachomwi herufi," alisema Sista.

Muniru alitua kikombe chake polepole. "Sista, kazi yako unaipenda? Na watoto wako unawapenda? Basi tusimsumbue kapteni kwa vitu vidogo."

Siku hizo watu walitoweka kwa maneno madogo kuliko hayo. Specioza akaaga, akaondoka. Habibah akarudi kwenye pasi yake akinung'unika, "Ana wivu tu huyu mama." Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na mimi hapo ndipo ninapomlaumu kuliko kwenye wizi wenyewe.

Wiki ya tatu ya kazi ya Habibah aliletwa Taaka, mkulima wa kijiji cha Bulumbi, aliyekuwa amejikata mguu kwa jembe. Mumewe Mangeni alimbeba kwa baiskeli tangu alfajiri. Daktari alimwandikia penisilini, akaenda zake. Mangeni alibaki nje kulinda baiskeli, maana ukiiacha peke yake huikuti.

Taaka alipoiona chupa ya penisilini mkononi mwa Habibah akarudi nyuma. "Sista, sindano hiyo nakataa mimi."

Sikilizeni vizuri hapa. Sisi wa mpakani Kiswahili chetu tunakikata kata. Mtu wa Bulumbi akisema "sindano nakataa mimi", anakwambia kwamba sindano ndiyo inayomkataa yeye, kwamba dawa hiyo na mwili wake haviivani. Angekuwa anakaidi angesema "mimi hapana taka", basi. Habibah alizaliwa Busia, maneno hayo ameyasikia tangu utotoni. Lakini alizoea kupishwa njia kila anapopita, na masikio yake yakasikia ubishi.

"Unakataa dawa ya serikali?"

"Hapana, sista. Mimi hapana kataa. Yeye ndio nakataa mimi. Ile siku ya mtoto ya pili..."

"Nyamaza! Nikuitie askari, umweleze yeye?"

Taaka aliwajua askari. Alinyamaza, akageuka, akashika ukingo wa kitanda. Habibah akamchoma.

Kumbe swali la kumi na saba lilimtaka aulize hivi tu: dawa hii umewahi kuchomwa, na ilikufanyaje?

Taaka alianza kwa kujikuna viganja. Midomo ikavimba, macho yakajifumba, pumzi ikawa inapiga filimbi. Habibah akamletea maji ya kunywa. Jamani, maji! Yakamtoka puani. Ndipo akakimbia kumwita Specioza, aliyekuwa wodi ya wazazi, ng'ambo ya uwanja. Sista alikuja mbio na adrenalini, dawa ya kuuamsha moyo, akachoma, akamkandamiza kifua mpaka jasho likamtiririka. Walikuwa wamechelewa.

"Ulimwuliza?" alisema Sista akihema.

"Alikataa, sista."

"Nani alimkataa nani?"

Habibah alikuwa ameelewa sasa.

Mangeni aliingia, akaona. "Yeye hakuambia wewe? Sindano ile nakataa yeye kabisa! Mwaka ile navimba mpaka macho nafunga." Akakaa sakafuni, akaushika mguu wa mkewe uliofungwa bandeji. "Watoto nne, sista. Mimi naambia wao nini?"

Habari zilimfikia Muniru upesi, na kapteni akafika naye kabla maiti haijapoa. Akaamuru iandikwe kwamba mgonjwa alikataa matibabu. Mangeni akaambiwa achukue maiti yake, na akifungua mdomo atalala kambini. Specioza alipewa kalamu atie sahihi, akairudisha.

"Sijasaini uongo kwa miaka kumi na minne," alisema. "Leo sianzi."

Kalamu ikaja kwa Habibah. Alijua kwamba neno lake moja lingetosha kumpa haki yule mama aliyelala pale. Akamtazama baba yake, akasaini. Aibu iliyoje!

Kesho yake nyumba ya Specioza ilikutwa wazi, sufuria bado iko mekoni. Wako waliosema alivuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya, akipenya kwenye foleni ya malori. Wako waliotaja gari lisilo na namba. Mpaka leo hatujui. Jumatatu Habibah akakabidhiwa funguo, akaitwa muuguzi mkuu, na kila asubuhi wagonjwa wakampangia foleni naye hana wa kumwuliza.

Mwezi haukuisha, Muniru akashikwa na homa, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Mpaka ulikuwa umefungwa wiki hiyo, kwa hiyo kwenda kutibiwa Kenya hakukuwezekana. Habibah alikuja mbio, machozi yakimlengalenga, maana baba ni baba. Akavuta kwinini ndani ya sindano, akasogea kitandani. Mzee akafumbua macho, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya blanketi.

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe." Alitazama mlangoni. "Mwiteni Sista Specioza."

Hakuna aliyejua pa kumwita, wala aliyethubutu kumkumbusha mzee ni nani aliyemtisha.

FUNZO LA HADITHI HII

Enyi wazazi, mnapomwibia mwanenu mtihani mnampa gauni tu, na watu watakufa mikononi mwake. Elimu ya uuguzi haitishwi kwa bunduki ikaja. Nanyi mliovaa hayo magauni, mgonjwa akisema neno, hata kwa Kiswahili kilichovunjika, wekeni sindano chini mmwulize ana maana gani. Taaka alikuwa tayari kujibu.