Maji ya Udhu ya Ayeyo Barwaqo

Miaka ile ya tisini, upande wetu wa Habaswein, kila mtoto alikuwa na kazi yake ya alfajiri. Kazi ya Kaltun, msichana wa miaka kumi na miwili, ilikuwa kwenda kisimani na punda. Akirudi, alijaza kwanza birika la udhu la nyanya yake Barwaqo, ambaye wajukuu walimwita Ayeyo. Kazi hiyo aliionea fahari sana.

"Malkia wa birika!" kaka yake Salat alimtania. "Hata peponi utaingia ukilibeba."

"Na wewe utaingia ukinuka ngamia," Kaltun alimjibu.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Kisima kikatoa tope tupu, na maji yaliyobaki nyumbani yakawa yale ya birikani tu. Mchana, Ayeyo akiwa amejilaza ndani, mtu alikuja akipepesuka kutoka barabarani. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Dada, naomba maji. Lori letu liliharibika juzi. Mwenzangu amelala chini, hawezi kusimama."

Kaltun aliona msalaba mdogo shingoni mwake. Akalisukuma birika nyuma ya mkeka.

"Hakuna maji."

Mtu yule aligeuka, akarudi juani.

"Nani huyo?" Ayeyo akauliza akitoka nje.

"Si mtu wetu, Ayeyo. Hata si Mwislamu. Nimekutunzia maji ya sala."

"Nimekuuliza ni nani, unanitajia dini yake! Alitaka nini?"

"Maji."

"Wallahi, umemfukuza mgeni wa Mungu mlangoni pangu! Kimbia, mtoto! Kimbia kabla jua halijammaliza!"

Kaltun alinyakua birika, akakimbia. Alimkuta mtu yule ameanguka kando ya mgunga.

"Kunywa, mjomba."

Alikunywa mafunda machache tu, kisha akafunika birika. "Haya mengine ni ya mwenzangu," akasema. Kaltun alishindwa kumtazama usoni.

Salat, aliyetumwa na Ayeyo, akawafuata na punda, amebeba maziwa ya ngamia. Walipofika kwenye lori, yule mwenzake alikunywa kidogo kidogo mpaka akafumbua macho. Wote wawili wakaletwa nyumbani kwa Ayeyo, wakalazwa kivulini.

Alasiri ilipoingia, Ayeyo aligusa mchanga safi kwa viganja, akapangusa uso na mikono, akasali. Alipomaliza, Kaltun alisogea karibu.

"Ayeyo, nilitaka sala yako ikubaliwe."

"Ingekubaliwaje, na mtu anakufa kwa kiu nje ya nyumba yangu? Mama yangu alinifundisha kumpokea mgeni kabla sijajua hata sura moja ya Kurani. Niliposoma, nikakuta Mungu ameamuru yale yale." Akakung'uta mchanga viganjani. "Maji ya udhu yakikosekana, mjukuu wangu, Mungu ametupa mchanga. Lakini mwenye kiu hawezi kuunywa."