Dirisha la Mshona Sare

Mshona sare alikuwa na kazi ya kujivunia: sare arobaini za wauguzi, nyeupe pepepe, za kupelekwa hospitali Ijumaa. Jumatatu hiyo, dirisha la chumba chake cha kushonea lilikuwa linavuja tena. Sare mbili zilishapata madoa. Zikiharibika nyingine, hospitali itampa kazi mtu mwingine. Aliogopa kwelikweli.

"Usijali, mke wangu," alisema mumewe, mrija wa silikoni ya kuzibia nyufa mkononi. "Naongeza nyingine juu."

"Injinia wangu! Hii ni mara ya nne. Fremu imenenepa kunishinda mimi."

Walicheka, lakini roho yake haikutulia. Akamwita jirani, rafiki yake anayefanya kazi katika kiwanda cha kuunda mabasi. Kila siku jirani huyo huziba maungio ya vioo na mabati ili maji na vumbi visipenye.

Jirani aliichokonoa silikoni ya zamani kwa ukucha. Ikabanduka yote kama ganda la ndizi.

"Shemeji, ulipaka saa ngapi?"

"Mvua ilipokatika tu. Niliwahi kabla haijarudi."

"Lo! Ulipaka juu ya maji! Silikoni haishiki penye unyevu, wala penye vumbi, wala juu ya silikoni kuukuu. Tungefanya hivyo kiwandani, abiria wangeoga ndani ya basi."

Mume akajikuna kichwa. "Yamenifika. Basi nifundishe, shemeji."

Kesho yake jua liliwaka. Walikwangua silikoni yote kwa kisu. Wakafuta ufa wa fremu kwa kitambaa chenye spiriti, wakaacha pakauke kabisa. Mlango waliuacha wazi, maana harufu ya vitu hivi ni kali. Kisha mume akapaka mstari mmoja mwembamba wa silikoni mpya, bila kukatiza, akausawazisha kwa kijiti.

"Mkiugusa kabla ya kesho, tutagombana," jirani akaonya. "Unahitaji siku nzima ukauke."

Hawakuugusa.

Alhamisi mvua ilimwagika kwa hasira. Mshona sare akapitisha kiganja kwenye fremu, kona hadi kona.

"Hata tone! Njoo uone, hata tone!" Alifurahi mpaka akamkumbatia mumewe.

Zile mbili zenye madoa alizishona upya. Ijumaa, mkuu wa wauguzi alizikagua zote arobaini, moja baada ya nyingine. Akazikunja taratibu.

"Mama, tuna kazi nyingine kwako; anza na sare za wodi ya watoto," akasema. "Lakini msimu huu wa mvua, utaweza?"

Mshona sare akacheka. "Inyeshe tu!"