Kadi ya Kisanduku Namba Tisa

Saa 4:10 asubuhi

Zurdo aliipanga mitaa yote juu ya meza ya kuchajia betri. Kopo la bia ndilo kituo cha umeme. Waya mwekundu ndio laini kuu inayopanda mpaka kilimani. Vifuniko viwili vya chupa viliukata waya vipande vitatu.

"Kipande cha kwanza, sokoni. Hakituhusu. Cha kati, duka la kaharabu la Don Evaristo. Cha mwisho, Loma Vieja, kwa mzee wetu Cundo."

Walikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma, na viti vilishauzwa. Walikalia betri mbovu. Miaka sita nyuma karakana hiyo ilikuwa haipitiki kwa wateja. Mji wa Santiago ulikaa bila umeme saa nane kwa siku, na hakuna nyumba iliyokosa inverta na betri zake chini ya ngazi. Zurdo, shoto mwenye mdomo mtamu, aliuza betri mpaka akajenga ghorofa. Kisha kampuni ya umeme ikafunga visanduku vyenye akili juu ya nguzo, ikatangaza kwamba sasa umeme ni saa ishirini na nne. Watu wakaamini. Wakauza betri zao kama vyuma chakavu, na aliyepita nyumba kwa nyumba kuzikusanya alikuwa Zurdo huyohuyo. Ghorofa ilishapigwa mnada.

"Milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine," alisema. "Yote ya sumaku. Umeme ukikatika, sumaku inaachia. Ndivyo zimamoto wanavyotaka, watu wasife ndani. Shata la chuma Don Evaristo hulishusha jioni tu. Mchana anakwenda kula na kulala, duka analiachia sumaku."

"Na betri ya akiba?" aliuliza Chago. Chago alikuwa jitu la mtu, zamani akiuza barafu wakati wa giza. Umeme wa saa ishirini na nne ulimuua naye.

"Ndiyo umeikalia. Don Evaristo aliniuzia kama chuma chakavu."

Yokasta, aliyekuwa dereva wa lori la barafu la Chago na ambaye leo angeendesha gari la kukimbilia, alicheka peke yake. Walichotaka kilikuwa kimoja: jiwe la kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe zamani, lenye mjusi mzima ndani. Mnunuzi alikuwa Puerto Plata, na meli yake ilikuwa inang'oa nanga kesho.

"Sema, mzee," Zurdo alimwambia Cundo.

Cundo alisogea mezani. Alikuwa fundi laini miaka ishirini na sita. Zamani laini ikipata hitilafu, yeye na wenzake kumi na mmoja waliitembea nguzo kwa nguzo wakitafuta ubovu. Visanduku viliifanya kazi hiyo bila miguu. Mwaka juzi walipewa keki na mikono ya kwaheri.

"Nikirusha mnyororo kwenye kipande cha kati, laini inapiga shoti. Kisanduku cha chini kinakata. Kinajaribu kurudisha, kinakata tena. Mara ya tatu kinajifunga. Hapo visanduku vinaulizana vyenyewe ubovu uko wapi. Kipande cha kati kinatengwa. Cha mwisho kinapewa umeme wa laini ya pili, kupitia kisanduku namba tisa."

"Inachukua muda gani?" Yokasta aliuliza.

"Sekunde arobaini na nane. Nilishapima."

"Na mafundi?"

"Dakika ishirini na tano mpaka wauone mnyororo." Alimgeukia Zurdo. "Lakini kipande cha mwisho lazima kirudi. Nimesema tangu siku ya kwanza."

"Kitarudi."

"Mireya ana dakika tano. Sita, akiwa amelala. Ile mashine ya oksijeni ikizima zaidi ya hapo, mimi sina mke."

"Mzee Cundo. Mkeo ni kama dada yangu. Nilipokuja kuichukua inverta yenu alinipa kahawa na mkate wa muhogo. Neno langu."

Chago aliangalia viatu vyake. Cundo aliona, akadhani ni woga tu.

Miaka thelathini ya kuchambua tumbaku kiwandani ilikuwa imeyala mapafu ya Mireya. Mgao wake wa pesa za leo ungempeleka kwa daktari wa mji mkuu, na ungemnunulia ile mashine ndogo inayobebwa begani, yenye betri yake yenyewe. Betri. Cundo alikuwa ameuza ya nyumbani kwa mkono wake, siku kampuni ilipotangaza, akijua zaidi ya yeyote kwamba visanduku vile havikosei. Kosa hilo lilimla usiku na mchana.

"Niachie mkoba wako wa kazi," Zurdo alisema mwishoni. "Chago naye atavaa kifundi."

"Mkoba una kadi zangu."

"Vizuri. Fundi asiye na kadi kiunoni anatiliwa shaka."

Cundo aliuacha. Ilimkera kidogo, kwa sababu kadi nyekundu si pambo. Fundi akitaka kupanda, anaushusha mpini wa kisanduku na kuning'iniza hapo kadi yenye jina, namba na picha yake. Kadi ikiwa pale, kisanduku ni kiziwi. Mtandao wote ukiamuru, hakirudishi umeme. Na kadi haiondolewi na mtu mwingine, hata awe meneja. Mwaka wa tisini na nane fundi mwenzao aliungua juu ya nguzo kwa sababu mtu alimwondolea kadi akidhani ameshashuka. Tangu hapo aliyeitundika ndiye anayeitoa, na anaitaja kwa kinywa chake kwenye redio, ndipo laini inaamka.

Saa 6:22 mchana

Cundo alikuwa anasubiri chini ya nguzo ya kumi na nne, mnyororo ukiwa tayari, Chago alipotelemka na pikipiki kutoka upande wa kilimani, kofia ya ufundi kichwani.

"Huko ulifuata nini?" Cundo aliuliza.

"Naangalia polisi, mzee." Hakusimama.

Saa 6:41

Cundo alipiga simu nyumbani. Nyuma ya sauti ya mkewe mashine ilikuwa inapumua taratibu.

"Njoo ule," Mireya alisema. "Jirani, Doña Ligia, kaleta maharage na wali."

"Nachelewa kidogo. Kaa kitandani, usitembee."

"Kwani kuna nini?"

"Joto tu."

"Joto la leo limekufanya mwema," alisema Mireya, akacheka mpaka akakohoa.

Saa 6:50

Mnyororo ulipaa, ukajizungusha kwenye nyaya, na cheche nyeupe zikamwagika juu ya barabara. Mlipuko mmoja. Wa pili. Wa tatu. Kisha mtaa ukanyamaza. Feni zilisita, redio ya kinyozi ikakatika katikati ya wimbo, na mtu alitukana kwa uchovu kutoka dirishani.

Cundo alianza kuhesabu.

Kwenye redio ya mawasiliano kiunoni mwake Yokasta alisema: "Wameingia."

Thelathini. Arobaini. Arobaini na nane.

Alitega sikio kilimani. Loma Vieja ina desturi yake ya tangu enzi za giza. Umeme ukirudi, kilima kizima hupiga kelele, bibi kizee na mtoto, waliomo bafuni na waliomo kanisani. Miaka sita ya umeme wa saa ishirini na nne haikuwaponya. Hata ukipepesa kwa dakika moja, wanashangilia.

Sitini. Sabini. Kilima kilikuwa kimya.

"Zurdo," alisema redioni. "Huku juu haujarudi."

Alikibonyeza tena kitufe.

"Zurdo. Haujarudi."

"Tulia, mzee. Dakika kumi tu."

"Umefanya nini?"

"Kituo cha polisi kiko kipande chako. Kamera yao inatazama njia yetu ya kutokea. Ulitaka tuwapungie mkono?"

"Uliniahidi. Mireya yuko kwenye mashine."

"Atavumilia. Wanawake wa kilima ni wagumu. Nakata, nina kazi."

Simu yake iliita mara mbili, kutoka nyumbani.

"Cundo." Neno moja, na lilimgharimu. "Imenyamaza."

"Usiongee. Nakuja. Usiongee, mama."

Saa 6:52

Alikuwa na miaka hamsini na saba, buti nzito na fimbo ndefu ya kazi mkononi. Mlima ni mita mia nne. Alikimbia. Kofia ilidondoka, akaiacha. Kifua kilimchoma na akafurahi kwamba kinamchoma, kwa kuwa angalau chake kilikuwa na hewa. Watu walikuwa vibarazani wakijipepea na magazeti, wanamtazama. Mmoja alimtania: "Fundi, leo mmekumbuka zamani?"

Saa 6:54

Kisanduku namba tisa. Mpini wa njano umeshushwa, na kadi nyekundu inaning'inia.

Miaka ishirini na sita ilimsimamisha hatua tatu kutoka kwenye nguzo. Kadi ni mtu. Juu mahali fulani kuna mikono ya mtu kwenye waya, na ukiigusa unaua. Alitazama juu. Hakukuwa na mtu. Alitazama kadi.

Picha ilikuwa yake, bado ana sharubu nyeusi. Secundino Marte. Namba 417.

Alielewa yote hapohapo, hata alichofuata Chago kilimani, na ilimuuma mpaka kwenye meno. Zurdo hakutaka giza peke yake. Polisi wangekuja, wangekuta kadi moja, jina moja, fundi mmoja aliyefukuzwa na mwenye kinyongo. Mjusi angekuwa baharini na Cundo korokoroni. Aliuzwa tangu asubuhi, alipoombwa auache mkoba wake. Mtu aliyekunywa kahawa ya Mireya na kuijua sebule yake, na kuijua ile alama nyeupe ukutani inverta ilipokuwa, ndiye aliyepiga hesabu hiyo.

Hasira ilimpanda, lakini hakuwa na muda nayo. Angeweza kukimbilia nyumbani, na angefika kumshika mkono akifa. Au angeitoa. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu mwenye haki ya kuitoa kadi ile, na kwa upumbavu wake Zurdo alikuwa ameagiza itundikwe ya huyo.

Aliunasa mpini kwa fimbo, akaupandisha. Aliitoa kadi. Taa ndogo nyekundu iliendelea kupepesa. Kisanduku kilikuwa kinamsubiri mwenye kadi aseme.

Namba ya chumba cha udhibiti ilikuwa bado kidoleni.

"Udhibiti, Fior."

"Mia nne kumi na saba, Secundino Marte. Kisanduku tisa, Loma Vieja. Kadi yangu imetoka. Mikono yangu iko mbali na laini, hakuna mtu nguzoni."

"Cundo? Wewe tulikukatia keki mwaka juzi. Kadi hiyo imefikaje huko?"

"Rudisha, Fior."

"Nirudishe vipi? Kuna hitilafu hapo chini, na wewe si fundi wetu. Niambie kwanza..."

"Mireya yuko kwenye mashine. Hitilafu ni mimi. Mnyororo uko kipande cha kati, nguzo ya kumi na nne, nimeurusha mwenyewe. Duka la Don Evaristo linaibiwa sasa hivi. Nitakaa hapahapa mpaka waje. Sijawahi kukudanganya kuhusu laini. Nakuomba, dada yangu."

Alisikia vidole kwenye kibodi.

"Namba tisa," alisema Fior, na sauti ilikuwa ya kazi. "Narudisha."

Saa 6:56

Kisanduku kilipiga mara moja juu ya kichwa chake, chuma kwa chuma. Kisha kilima kikalipuka.

"Umerudi! Umerudiii!"

Sufuria ziligongwa, redio ikafumuka, mbwa wakabweka. Cundo alipiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Iliita mpaka ikakatika. Alijikuta anaiambia simu yenyewe, pokea, pokea, pokea.

Mara ya tatu ilipokelewa. Aliweka kiganja sikio la pili kuzuia shangwe, akasikiliza. Mashine ilivuta. Mashine ikaachia. Na ndani yake, dhaifu, yenye kukwaruza, pumzi ya mtu.

"Usiseme," alimwambia. "Nipumulie tu."

Alimpumulia. Cundo aliegemea nguzo akalia bila kujificha.

Saa 6:59

Redio iliwaka kiunoni.

"Mzee, kamera imewaka!" Ilikuwa Yokasta. "Kuna taa za polisi! Mzee, umetuchoma!"

Barabara yote ya chini ilionekana kutoka pale. Gari la akina Zurdo lilikunja kona kwa kasi na kukuta geti la kituo cha polisi limefunguka, gari la doria limekaa katikati ya njia. Risasi mbili zilitoka dirisha la nyuma upande wa kushoto. Nyingi zaidi zikajibu. Gari lilipanda ukingo, likalala ubavu kwenye ukuta. Yokasta alitoka akiwa ameinua mikono. Chago alitoka akitambaa, akalala kifudifudi. Mlango wa nyuma wa kushoto, alipokaa Zurdo, haukufunguka.

"Mzee." Sauti ya Zurdo redioni ilikuwa ndogo, yenye maji ndani. "Ulikuwa mgao wako pia."

"Nimetoa kadi yangu," Cundo alisema. Aliizima redio, akaiweka chini.

Nyumba yake ilikuwa mita mia mbili. Aliliona bati lake, na dirisha lenye pazia la kijani. Hakwenda. Mafundi walikuwa wanakuja kwenye kipande cha kati. Asipokuwepo wa kuwaeleza mnyororo ulivyojizungusha, mmoja wao angeweza kufa. Alikuwa amempa Fior neno lake, na siku hiyo alikuwa ameshaona thamani ya neno la mtu.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Cundo," Mireya alisema, polepole. "Unakuja kula?"

"Leo sitawahi, mama. Mwambie Doña Ligia akae na wewe."

"Mpaka saa ngapi?"

Buti zilikuwa zinapanda kilima. Alimwambia alale, akaweka simu mfukoni, akasimama wima.

Sajini alifika akihema, bastola mkononi. Aliutazama mpini, akaitazama kadi nyekundu kwenye kiganja cha mzee, akaigeuza upande wa picha.

"Hii ya nani?"

"Yangu," Cundo alisema.