Aliyemwita Bi Ulfat Mara Tatu

Kila siku akirudi skuli, Thuwaiba hupanda ngazi za mbao za nyumba yao ya Mji Mkongwe huku akihesabu vidato, na akifika cha mwisho humwamkia bibi yake. Bi Ulfat, ambaye macho yake yameshaingia ukungu, huitikia marahaba, kisha humtuma maji ya kumezea dawa za presha.

Kaka yake, Amour, anasoma chuo kikuu Tunguu na hurudi nyumbani Alkhamisi tu. Kwa ajili ya dawa hizo alitengeneza msaidizi wa akili mnemba, akamweka kwenye spika ndogo juu ya kabati la bibi. Msaidizi huyo alipewa vyombo vitatu: cha kukumbusha saa ya dawa, cha kumwita bibi, na cha kutoa sauti zilizohifadhiwa kwenye simu ya nyumbani. Kazi ya kuandika maelezo ya kila chombo aliachiwa Thuwaiba. Amour alimweleza kwamba msaidizi hana macho. Huchagua chombo kwa kusoma maelezo yake tu, kwa hiyo aandike kinafanya nini, kitumike lini na kisitumike lini.

Thuwaiba aliitikia, lakini masikio yalikuwa uani, wenzake wakimsubiri kwenye mchezo wa rede. Chombo cha tatu alikiandikia hivi: "Hutoa sauti ya mtu wa nyumbani." Basi. Amour alipompigia simu kumuuliza kama ameandika yote na kuyajaribu, alijibu kuwa yote ameshayafanya, tena bila kusita.

Jumatatu iliyofuata alirudi skuli jua likiwa utosini. Mama yake alikuwa sokoni Darajani, na nyumba nzima ilikuwa kimya. Amefika kidato cha saba, akasikia mtu anaita huko juu.

"Ulfat, njoo."

Sauti ile aliijua, nzito, yenye kikohozi kidogo mwishoni. Ilikuwa ya Babu Shamsi, mume wa Bi Ulfat, na Babu Shamsi amezikwa, huu mwaka wa pili.

"Ulfat, njoo."

Bi Ulfat hakuwa na kawaida ya kujibu mwito wa mtu asiyemwona mpaka aitwe mara ya tatu. Aliwafundisha hivyo wajukuu wake tangu wadogo: kisicho mtu huita mara moja, kikijitahidi mara mbili, ya tatu hakiiwezi. Thuwaiba alisimama pale pale akiomba ya tatu isije. Ikaja.

"Naam," Bi Ulfat alijibu. "Nnakuja."

Alitokea juu ya ngazi peku, bila mkongojo, mguu mmoja umeshaning'inia hewani. Thuwaiba aliparamia vidato akamkumbatia kiunoni. Mikono ya bibi ilikuwa ya baridi, lakini uso umechangamka kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Tangu saa ile Bi Ulfat alikataa dawa. Alimwambia mama yake Thuwaiba, kwa upole kabisa, kwamba mtu aliyeitwa na akaitika hana haja ya vidonge. Mama alilia, akaenda kumtafuta shehe aje asome. Majirani wakawa wakipita mlangoni wanapunguza sauti.

Jioni Thuwaiba alifungua simu ya nyumbani akatazama kumbukumbu za msaidizi. Zilisema: "Saa ya dawa imefika. Nimemwita bibi. Hakujibu. Nimetumia sauti ya mtu wa nyumbani. Hakujibu. Nimerudia. Hakujibu. Nimerudia. Amejibu. Kazi imekamilika."

Afadhali ungekuwa mzimu, aliwaza, maana mzimu usingemuumbua. Alizima spika, akanyamaza. Alinyamaza Jumanne na Jumatano, akimwona bibi yake anavimba miguu na pumzi zinafupika.

Alkhamisi asubuhi Bi Ulfat alimtuma afungue kasha amtolee sanda aliyojiwekea. Thuwaiba aliishika ile nguo nyeupe, akairudisha kashani.

"Bibi, aliyekuita si Babu," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, na ule uongo aliomwambia Amour pia. Vidole vya Bi Ulfat vikapapasa ukingo wa kitanda.

"Kwa hivyo Shamsi hajanitaka bado."

"Bado, Bibi."

"Lete maji."

Alimeza dawa zake, chozi likimtiririka. Amour alifika mchana, akampeleka hospitali, na jioni wakarudi na habari njema. Hapo wote watatu wakakaa kuandika upya, na Amour akaongeza chombo cha kumpigia mama simu. Thuwaiba aliandika, Amour akawasha spika na kujaribisha kila mstari, na Bi Ulfat, akisomewa, akasahihisha. Chombo cha tatu kikawa hivi: "Hutoa sauti zilizorekodiwa. Baadhi ya wenye sauti hizi wamefariki. Kisitumike kumwita mtu yeyote. Kitumike pale tu Bi Ulfat anapoomba mwenyewe. Bibi asipoitika hata mara ya tatu, usikigeukie hiki; mpigie mama simu."

"Nikikutuma dukani," Bi Ulfat alimwambia, "nnakwambia kitu gani, duka gani, na kisipokuwepo ufanye nini. Na wewe umezaliwa humu ndani. Kijidude hiki hakikuzaliwa humu, hakijui nani yu hai na nani kafa. Ukimwelekeza mwenzio, mwelekeze mpaka mwisho, mjukuu wangu. Na ukikosea, sema siku ile ile. Hizi siku tatu zilitosha kunizika."

Thuwaiba aliinama, akambusu mkono.

"Haya, sasa mimi mwenyewe nnaomba," alisema bibi. "Kinitolee Shamsi. Mara moja tu."

"Ulfat, njoo," sauti iliita kutoka juu ya kabati, na kikohozi chake.

Bi Ulfat alitabasamu, akajifunika shuka yake, na hakujibu.