Sahani ya Baba na Mbavu za Kabo

Kila asubuhi, kazi ya kwanza ya Fermina ilikuwa kumwinua mbwa.

Hakuanza na kahawa wala kufagia uwanja. Alipitisha gunia tupu la mchele chini ya tumbo la Kabo, akashika ncha zake mbili, akavuta juu. Kabo alijitahidi kwa miguu ya mbele. Ya nyuma ilitetemeka tu. Baada ya kuvutwa mara tatu au nne alisimama, akaenda hatua kumi hadi kwenye mpapai, akakojoa, kisha akajitupa chini tena.

"Umeshamwamsha mzee?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Nimemwamsha, Mama. Sasa mimi ataniamsha nani?"

Fermina alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ulikuwa msimu wa mvua, na kutwa nzima aliinama majini akipandikiza mpunga. Mgongo ulimuuma akiwa kazini, na ulimuuma akilala. Alikuwa amechoka, na hakuwa na wa kumwambia.

Kabo alikuwa mbwa wa baba yake Fermina, mzee Pacifico. Alikuwa mbwa mkubwa wa mbegu ya Kijerumani, mwenye masikio yaliyosimama. Mzee alifariki mwezi wa Januari. Tangu siku hiyo Mama Consorcia alivaa nguo nyeusi, na angezivaa hadi mwaka utimie. Siku ya kutimia mwaka ukoo wote ungepanda kilimani, makaburini, kumwombea. Mama alikuwa ameapa kwamba na Kabo atakuwepo.

"Alimfuata baba yenu kila mahali," alisema. "Huko pia atapanda."

Kabo hakuweza kupanda hata ngazi tatu za baraza.

Mwezi wa Julai, bwana mifugo alipita nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Jina lake Delfin, na yeye mwenyewe aliishi nyumba ya tatu kutoka pale. Alimtazama Kabo, akakuna kichwa.

"Dada Fermina, huyu ni mbwa au ndama?"

"Usimcheke. Miguu inamsumbua. Ni uzee."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Miaka sita, uzee gani?" Delfin alichuchumaa. Alisikiliza moyo, akakunja na kukunjua miguu ya nyuma taratibu. "Moyo mzima. Nyonga zinamuuma. Huyu amenenepa mno."

"Hajanenepa," Mama alidakia. "Ana mifupa mikubwa. Halafu ni manyoya hayo."

"Haya, Mama, lete mkono. Kunja ngumi. Papasa juu ya vifundo vya vidole. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Sasa nyoosha vidole, upapase mgongo wa mkono. Unaisikia mifupa chini ya ngozi?"

"Naisikia."

"Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa ziwe. Geuza sasa. Papasa kiganja, hapa karibu na dole gumba."

"Pamejaa nyama."

"Basi mguse Kabo."

Mama alipitisha mkono ubavuni mwa Kabo. Akakandamiza. Akatafuta tena mbele kidogo, kisha nyuma.

"Ziko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Wense, kaka yake Fermina, aliendesha pikipiki yenye kibanda cha abiria pembeni. Yeye, Fermina na Delfin walimpakia Kabo humo, wakihema, na pamoja na Mama wakampeleka kwa mnunuzi wa tumbaku. Msimu wa tumbaku ulikuwa umekwisha na mizani yake kubwa imekaa bure. Kabo alipimwa juu ya ubao wa kupimia marobota ya tumbaku. Kilo arobaini na nane.

"Mbwa huyu anatakiwa awe na thelathini na nane hivi," alisema Delfin. "Kilo kumi za ziada. Analala nazo, anaamka nazo. Mbwa mkubwa viungo vyake vina mzigo tayari. Mkiendelea hivi, ipo siku gunia halitamwinua. Nani anamlisha?"

"Mimi, asubuhi," alisema Fermina. "Wali uliobaki. Kidogo tu."

"Mimi nikirudi," alisema Wense. "Mkate, na kipande cha nguruwe wa kukaanga. Kidogo."

"Mimi simpi kitu," alisema Mama.

Delfin alicheka bila furaha. "Kesho kila mnachotaka kumpa, kitieni kwenye beseni. Nitakuja jioni, tumpimie chake humo humo."

Jioni ya kesho yake beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Kulikuwa na wali, mkate, mafuta ya nguruwe, vichwa vya samaki wa chumvi, na soseji mbili za jirani. Delfin alizitoa soseji kwanza.

"Hizi zina vitunguu saumu. Najua hapa kwetu tunavilima na tunavila kama peremende, lakini kwa mbwa ni sumu. Msimpe tena." Kisha akanyoosha kidole kwenye kona. "Na ile?"

Pale, mbele ya picha ya mzee Pacifico, juu ya kigoda, palikuwa na sahani ya wali, yai na nyama. Ilikuwa sahani ya marehemu. Watu wa huko huiita atang, chakula anachotengewa aliyekufa. Watu wengine huiweka siku za maombolezo na sikukuu tu. Mama Consorcia aliiweka kila jioni, na kila asubuhi aliikuta tupu.

"Hiyo ni ya Pacifico," alisema.

Fermina alitazama sakafu. Tangu wiki ya kwanza alimwona Kabo akiilamba. Alinyamaza, kwa sababu asubuhi sahani ikiwa tupu, Mama naye alikula. Miezi sita alificha. Sasa hata kuficha kulimchosha.

"Mama, anayekula si Baba. Ni Kabo."

Alijuta papo hapo. Mama alivuta kiti, akakaa.

"Unadhani mimi kipofu? Nilijua kitambo. Alikuwa na wali kwenye masharubu."

"Sasa kwa nini uliendelea?"

"Baba yako alikula nusu, nusu akampa huyu. Kila siku. Kabo akilamba, sahani inagonga kigoda. Naisikia nikiwa kitandani. Nyumba inakuwa na mtu." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Kisha Delfin aliuliza taratibu, "Mama, mzee alikuwa anamtembeza?"

"Hadi mtoni na kurudi. Asubuhi na jioni."

"Basi nyinyi mlibaki na sahani, mkayaacha matembezi."

Mama aliinuka, akaleta kikombe cha bati cha marehemu.

"Kipimo chake ni kipi?"

"Chakula kikavu cha mbwa, kikombe kimoja na nusu asubuhi, kimoja na nusu jioni. Hicho ni cha Kabo. Mbwa mwingine ana chake. Mtapunguza kidogo kidogo, wiki nzima, hadi mfike hapo. Mlishaji awe mmoja. Akiomba, mpe tango au maharage mabichi. Atembee wakati wa ubaridi, dakika tano kwanza, kisha mwongeze. Mpimeni kila wiki mbili."

"Mlishaji ni mimi," alisema Mama. Sahani ya Pacifico aliihamishia juu ya kabati.

Haikuwa rahisi. Kabo alilia mlangoni kama mtoto aliyeachwa. Mwezi wa Septemba mizani ilikataa kushuka, na Mama akamkazia macho Wense.

"Umempa nini?"

"Kipande kimoja tu, Mama. Aliniangalia."

"Hata mimi nakuangalia. Mbona hunipi?"

Mama mwenyewe ndiye aliyemtembeza, katika nguo zake nyeusi, akiwa na mwavuli. Kwanza walifika kwenye mpapai, baadaye kwa mnunuzi wa tumbaku. Mwezi wa Desemba walifika mtoni. Fermina aliendelea kuamka na gunia mkononi, hadi asubuhi moja alipomkuta Kabo amesimama akimsubiri.

Mwaka ulitimia. Kabo alikuwa na kilo thelathini na tisa. Ngazi za mawe za makaburini zilikuwa arobaini, na Fermina alibeba gunia begani, asiamini. Kabo alipumzika mara mbili. Akafika juu kabla ya Wense.

Mama alivua kitambaa cheusi kichwani. Aliweka sahani juu ya kaburi, pamoja na msokoto wa tumbaku. Kabo alinusa.

"Hiyo ya baba yako," alisema Mama. "Yako hii hapa."

Alitoa kikombe cha bati chenye kipimo kamili. Kabo alikula, na bati likagonga jiwe. Mama alifumba macho, akasikiliza. Mkono wake ulikuwa ubavuni mwa mbwa, ukizihesabu mbavu moja moja.

Fermina alitandika gunia kwenye nyasi, akalikalia.

"Nimechoka, Mama."

"Lala kidogo, mwanangu. Leo hakuna wa kuinuliwa."